Mvinyo Usiosubiri: Ugemaji, Mto na Kiwanda cha Familia Katika Delta ya Tana

Kiwanda cha mvinyo cha familia, kwa jinsi kinavyojulikana katika nchi zilizozoea mizabibu, husimama juu ya mambo matatu: ujuzi unaorithiwa kutoka kizazi hadi kizazi, shamba linalotunzwa na wenyewe, na jengo ambamo juisi ya matunda hugeuzwa kuwa kileo kwa utaratibu unaodhibitiwa. Miaka ya karibuni mambo hayo yamepata sura mpya, kwa kuwa familia nyingi za wakulima wa zabibu zimeziacha mbolea na dawa za viwandani, na baadhi yao zimewaita wasanifu majengo mashuhuri waziongezee jina. Familia ya López de Heredia ya mji wa Haro, Hispania, ambayo imekuwa katika kazi hiyo tangu 1877, ilimpa kazi Zaha Hadid, na banda alilolisanifu kwa ajili ya waonjaji wa mvinyo lilikamilika 2006. Nchini Georgia mambo yamekwenda kinyume, maana huko kinachouzika ni ukale wenyewe: mitungi mikubwa ya udongo inayofukiwa ardhini, iitwayo qvevri, ambayo mbinu yake ya kutengenezea mvinyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2013.

Afrika Mashariki nayo ina mizabibu yake. Dodoma, iliyo juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na yenye kiangazi kirefu, huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na zao hilo, lililoletwa na wamisionari wa Kikatoliki, leo hulisha viwanda kadhaa na maelfu ya mashamba madogo. Nchini Kenya mvinyo wa Leleshwa hutokana na mizabibu ya Naivasha, katika Bonde la Ufa. Ukishuka hadi Garsen, mji wa delta ya Mto Tana, hata hivyo, hesabu hubadilika kabisa. Mahali hapa ni tambarare ya chini, yenye joto na unyevu, ambako mzabibu hukosa baridi ya kuupumzisha na kushambuliwa upesi na ukungu. Kinachostawi hapa ni jamii ya michikichi, yaani miti ambayo kilele chake kina shungi la makuti: mnazi upande wa Kipini na vijiji vya karibu na pwani, mkindu ndani ya misitu ya kando ya mto, mkoma katika nyanda kavu zaidi, na mvumo hapa na pale. Miti hiyo yote hugemwa, na tembo linalopatikana humo ndilo mvinyo wa Tana.

Kugema ni kuuvuna utomvu mtamu ambao mti ungeupeleka kwenye maua au kwenye chipukizi lake. Kwa mnazi, mgema hulichagua karara, yaani kole la maua likiwa bado limefungwa ndani ya ganda lake, akalifunga kwa kamba lisije likapasuka, akaliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha akaikata ncha yake kwa kotama, kisu kifupi chenye ukali wa wembe kinachotumika kwa kazi hiyo peke yake. Chini ya jeraha hilo hutundikwa kibuyu, au siku hizi chupa ya plastiki, na utomvu hudondoka humo usiku na mchana. Asubuhi na jioni mgema hupanda tena kwa kuzikanyaga ngazi zilizochongwa katika shina, akalimimina tembo, akakata tena kipande chembamba mno cha ile ncha ili jeraha lisizibe, akarudisha kibuyu na kushuka. Kipande kikizidi unene, karara huisha kabla ya wakati wake. Kikipungua, utomvu hukoma. Mnazi mzuri hutoa takribani lita moja hadi mbili kwa siku, na karara moja huweza kugemwa kwa wiki kadhaa. Tofauti hiyo ya unene wa kipande, ambayo haipimwi kwa rula wala kuandikwa popote, ndiyo hasa mtoto anayoifundishwa na baba au ami yake.

Gharama yake nayo haifichiki, kwa sababu karara lililogemwa halizai: hakuna kidaka, hakuna dafu, hakuna nazi. Kila familia yenye minazi huamua, mti kwa mti, kama itakula nazi au itakunywa tembo, na uamuzi huo hubadilika kwa bei ya soko, ada ya shule, na harusi au matanga yanayokaribia.

Tofauti kubwa kati ya mvinyo huu na ule wa zabibu iko katika muda. Utomvu wa mnazi unapotoka mtini una sukari ya kati ya asilimia 10 na 18, karibu yote ikiwa ya aina ileile ya miwa, na hauna kileo chochote. Kabla haujafika chini, hata hivyo, hamira na bakteria walioko hewani, kwenye jeraha la mti na hasa ndani ya kibuyu kilichokwisha kutumika, huanza kuila sukari hiyo. Hamira huigeuza kuwa alkoholi na hewa ya kaboni inayoleta povu. Bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa, huongeza ukali. Na baadaye bakteria wa asidi ya asetiki huigeuza alkoholi yenyewe kuwa siki. Kwa joto la Garsen, ambalo aghalabu hupita nyuzi 30, tembo lililoteremshwa alfajiri ni tamu, la adhuhuri limekolea, la jioni ni kali na lina alkoholi ya asilimia nne au tano, na la kesho yake wanywaji wengi hulisukumia pembeni. Mvinyo wa zabibu hukaa pipani miaka na mwenyewe akiusifu kwa kukaa. Tembo halimsubiri mtu.

Hili ndilo jambo ambalo mipango mingi ya kulifanya tembo la pwani kuwa bidhaa ya chupa hulipuuza. Mara kwa mara huzungumzwa juu ya kiwanda kikubwa katika mji mkubwa, ambacho kingekusanya tembo kutoka vijijini kwa magari. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka vijiji vya ndani ya delta hadi Garsen kwenyewe kuna siku ambazo njia ni mtumbwi tu. Tembo litakalosafiri hivyo litafika likiwa siki. Kwa hiyo kiwanda cha familia, kidogo na kilicho chini ya mti wenyewe, si wazo la kimapenzi la wapenda mila. Ni sharti linalotolewa na kemia ya kinywaji.

Upande wa shamba, bonde la Tana lina historia ambayo wakulima wa mizabibu wa Ulaya wangeitamani. Mto huu, mrefu kuliko yote nchini Kenya, hutelemka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya kwa takribani kilomita 1,000 hadi Bahari Hindi, ukibeba udongo mwekundu wa nyanda za juu. Kwa karne nyingi Wapokomo, ambao ni wakulima wa kingo za mto, wamelima kwa kufuata mafuriko mawili ya mwaka, moja baada ya mvua za masika na jingine baada ya vuli. Maji yalipopanda yaliutandaza udongo huo mashambani. Yalipopungua, mpunga ulipandwa mabondeni penye unyevu, mahindi na migomba juu ya kingo, na miembe ikasimama nyuma yake kama urithi usiohama. Mbolea ya dukani haikuhitajika kwa sababu mto ulikuwa ukiileta. Wafugaji wa Kiorma na Kiwardei nao walifika na ng'ombe wao wakati wa kiangazi, wakipita katika njia za kuelekea majini ziitwazo malka, wakaacha samadi katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Leo huo ungeitwa ukulima wa kikaboni, yaani unaorutubisha udongo kwa mabaki ya viumbe na kuepuka kemikali za viwandani. Wenyewe waliuita kulima.

Mfumo huo haukubaki kama ulivyokuwa. Kuanzia bwawa la Kindaruma mwaka 1968, yakafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, mto ulifungwa juu ili utoe umeme, na Masinga, lililokamilika 1981 na lenye hifadhi kubwa kuliko mengine, ndilo lililopunguza zaidi vimo vya mafuriko na kuuzuia udongo usishuke. Mafuriko hayakukoma, ila yamekuwa ya ghafla na ya kuangamiza, kama yale ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliyoubomoa mradi wa mpunga wa serikali katika delta, au yale ya 2018. Tena, maji yanayofika Garsen yamepita kwanza katika mashamba ya chai, kahawa na mpunga ya nyanda za juu, pamoja na miradi ya umwagiliaji ya Bura na Hola, ambako dawa na mbolea za viwandani hutumika. Mkulima wa delta anaweza asinunue hata chupa moja ya dawa na bado asiwe na uhakika wa usafi wa maji yanayonywesha shamba lake. Anayeuza sifa ya asili ya Tana bila kulitaja hilo anauza nusu ya habari.

Mkindu nao una kesi yake. Mti huu, ambao ni jamaa wa mtende, huota kwa mashina mengi katika shina moja la mizizi, na Wapokomo huutumia kwa mikeka, kamba, nguzo na dawa. Ugemaji wake ni mkali kuliko wa mnazi, kwa sababu kinachokatwa si karara bali kilele cha shina lenyewe, na shina lililokatwa kilele aghalabu hufa, ingawa machipukizi yaliyolizunguka huendelea. Misitu ya kando ya Tana, iliyowekewa hifadhi mwaka 1976, ni makazi ya nyani wa aina mbili wasiopatikana penginepo duniani: mangabei wa Mto Tana na mbega mwekundu wa Mto Tana. Mtafiti Margaret Kinnaird, katika makala yake ya 1992, alionyesha kwamba matunda ya mkindu ni chakula muhimu cha mangabei, na kwamba binadamu na mnyama huyo wanaugombania mti uleule. Kwa hiyo tembo la mkindu wa msituni, hata likiwa halina chembe ya kemikali, ni vigumu kulipa sifa ya kikaboni kwa maana kamili ya neno, ila kama familia imeipanda mikindu yake nje ya msitu na inagema mashina machache kwa zamu, ikiyaacha mengine yazae. Mnazi, ambao hugemwa miaka na miaka bila kufa, ni mwanzo salama zaidi.

Njia ya kuithibitisha sifa hiyo ipo tayari. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilipitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya kikaboni, na bidhaa zinazokitimiza huruhusiwa kubeba alama ya Kilimohai. Ukaguzi wa makampuni ya kimataifa ni ghali mno kwa familia yenye minazi ishirini, lakini kuna mfumo mwingine, uhakiki shirikishi, ambamo wakulima wa eneo moja hujiunga katika kikundi, hukubaliana kanuni, hutembeleana mashambani na kuwekeana dhamana, ili kosa la mmoja liwe doa la wote. Katika jamii ambayo wazee wa gasa, baraza la jadi la Wapokomo, bado husuluhisha migogoro ya mashamba na mipaka, mfumo wa aina hiyo haungekuwa mgeni.

Inabaki sura ya kisasa, ambayo kwa watu wengi humaanisha kioo kirefu, chuma kinachong'aa na chumba cha wageni. Kwa Tana maana hiyo haina faida kubwa. Usanifu unaohitajika ni wa kuushinda muda na maji. Jengo lenyewe lingefaa liinuliwe juu ya nguzo au juu ya tuta la udongo, kwa kuwa eneo lisilofurikwa mwaka huu hufurikwa mwaka ujao. Lielekezwe ili upepo wa kaskazi na wa kusi ulipitie. Na paa lake liwe refu la kumwaga kivuli ukutani, kama makuti yalivyofanya siku zote. Ndani yake vyombo si vingi: pipa la chuma kisichoshika kutu, kichujio cha kitambaa, birika la kuchemshia maji, kipimajoto, na chupa za glasi zenye vizibo vya kubana. Tembo lililochujwa hutiwa chupani likiwa katika kiwango cha ukali kinachotakiwa, kisha chupa huzamishwa katika maji ya nyuzi zipatazo 65 hadi 70 kwa takribani nusu saa, ili hamira na bakteria wafe kabla hawajaendelea na kazi yao. Mbinu hiyo, ambayo asili yake ni uchunguzi wa Louis Pasteur juu ya mvinyo wa Ufaransa katika karne ya 19, ndiyo iliyowezesha taasisi ya utafiti wa michikichi ya Nigeria, NIFOR, kuuza tembo la chupa. Umeme wa jua unatosha kuendesha pampu na jokofu dogo, na jua ndicho kitu ambacho Garsen haijawahi kukikosa.

Hata hivyo, uamuzi mkubwa wa kisasa hauko jengoni bali kwenye kibuyu. Kibuyu kisichooshwa ni mbegu ya bakteria, na tembo linalodondokea humo huwa limeharibika kabla halijafikiwa na mtu. Nchini India na Sri Lanka wagema hupaka chokaa kidogo ndani ya chombo, na chokaa hiyo huzuia uchachu, hivyo utomvu huteremka ukiwa bado mtamu na usio na kileo. Unaweza kunywewa hivyo au kuchemshwa hadi ukawa asali nzito au sukari. Chokaa inayochomwa kwa mawe ya matumbawe si kitu kigeni Lamu wala Kipini. Mgema mwenye vyombo viwili, kimoja cha chokaa na kimoja kisafi kisicho nayo, anaweza kuchagua asubuhi hiyohiyo kama atauza kinywaji cha watoto au cha wazee.

Miembe nayo haifai kusahauliwa, maana katika msimu wake, kuanzia mwishoni mwa mwaka, maembe ya Tana huoza chini ya miti kwa wingi wa kuhuzunisha, barabara zikiwa mbovu na wanunuzi wakipanga bei wanayotaka. Mvinyo wa embe unawezekana kwa ujuzi wa kawaida: nyama ya tunda husagwa, hupunguzwa uzito kwa maji, hupimwa sukari, hutiwa hamira, na baada ya kuchachuka huachwa utulie hadi uwe mwangavu. Kenya ina uzoefu wa jambo la karibu na hilo, kwa kuwa kampuni ya Kenya Wine Agencies, iliyoanzishwa 1969, iliwahi kutengeneza mvinyo wa papai.

Sheria haiwezi kurukwa. Marufuku ya pombe kali ya kienyeji iliyowekwa 1980 ilifutwa na sheria ya udhibiti wa vileo ya 2010, maarufu kama sheria ya Mututho, na Katiba ya mwaka huohuo ikaiweka kazi ya kutoa leseni za vileo mikononi mwa kaunti. Kwa maneno mengine, kinywaji cha jadi kinaweza kuuzwa kihalali, mradi mtengenezaji awe na leseni na bidhaa itimize viwango vya shirika la viwango, KEBS. Lakini kila inapotangazwa vita dhidi ya pombe haramu, mgema na mangwe, yaani kilabu cha kuuzia tembo la mnazi, hujikuta katika kapu moja na wauzaji wa spiriti za sumu, ingawa tembo lisilochanganywa na kitu halina uhusiano wowote na sumu hiyo. Familia itakayokuwa na chupa yenye lebo, tarehe na alama ya ubora itakuwa imejitoa katika kapu hilo.

Swali gumu zaidi ni la kijamii. Katika kitabu chake cha 1972, *Palms, Wine, and Witnesses*, mwanaanthropolojia David Parkin aliwaeleza Wagiriama wa Kilifi, majirani wa kusini wa Tana, ambao tembo la mnazi kwao lilikuwa kinywaji cha mahari, matanga na mapatano, na ambao wazee waliokunywa pamoja ndio waliokuwa mashahidi wa nani ana mti gani. Aligundua kwamba baadhi ya wafanyabiashara chipukizi walioanza kujikusanyia minazi walisilimu, wakisema kwamba pepo waliowapanda wamewataka waache kileo, na kwa njia hiyo walijitoa katika wajibu wa kunywa na kuwanywesha majirani. Biashara na ukarimu wa tembo vilikuwa vimeshindwa kukaa nyumba moja.

Garsen mambo yana utata wa ziada. Wapokomo wa chini, hasa kuanzia Ngao ambako wamisionari Wajerumani walifika mwishoni mwa karne ya 19, wengi ni Wakristo. Wapokomo wa juu, Waorma na Wawardei ni Waislamu, ambao kwao kileo ni haramu. Na machungu ya mapigano ya 2012 na 2013, yaliyoua watu zaidi ya mia moja kwa ugomvi wa ardhi, maji na siasa, hayajaisha kabisa. Kiwanda kinachotoa kileo peke yake kingekuwa na wateja wa upande mmoja wa mji na maadui wa upande wa pili. Ndiyo maana bidhaa iliyodharauliwa kuliko zote, siki, huenda ikawa ndiyo yenye soko pana zaidi: tembo lililoachwa ligeuke lenyewe hadi mwisho huwa siki ambayo fikihi ya Kiislamu huikubali, haliharibiki kwa safari, halihitaji jokofu wala leseni ya kileo, na huingia katika achari na samaki wa kila nyumba kuanzia Garsen hadi Lamu. Familia inayoanza na siki na asali ya mnazi inaweza kujifunza usafi, vipimo na lebo kwa gharama ndogo, na kuja kuomba leseni ya mvinyo ikiwa tayari ina wanunuzi wa dini zote mbili.